Programu Nayo Ina Tahajia

Sisi wanaisimu siku hizi tunaandika programu ndogo za kuhesabu maneno ya Kilingala au Ciluba. Katika faili moja huyu ameandika jumlaManeno, yule jumla_maneno, kwa hesabu ileile. Wapo wanaosema si neno, mradi programu inafanya kazi. Sikubaliani nao. Programu itasomwa mara nyingi kuliko ilivyoandikwa, na atakayeirithi mwakani hatakuwa na wa kumuuliza.

Lugha ya Python ina mwongozo wake, PEP 8, tangu mwaka 2001. Unaagiza nafasi 4 kwa kila ngazi ya msimbo. Tatu zingefaa pia, lakini faida iko katika kukubaliana. Mwongozo wenyewe unakiri kwamba ulinganifu ndani ya mradi una uzito kuliko kuufuata wenyewe. Sisi tunalijua hilo: sauti moja Kiswahili huiandika ch, Ciluba huiandika c, na hakuna aliyekosea. Anayekosea ni mwenye kuchanganya zote mbili katika kamusi moja.

Basi kila kikundi cha utafiti kiandike kanuni zake, ukurasa mmoja tu, kabla ya kuanza. Mwenye mtindo mwingine autetee siku hiyo, si katikati ya faili.