Manjano, Mwarobaini na Elimu Isiyoandikwa

Mnamo Machi 1995, Marekani ilitoa hataza nambari 5,401,504 kwa uvumbuzi uliotoka Chuo Kikuu cha Mississippi. Uvumbuzi wenyewe? Kuponya vidonda kwa unga wa manjano! Bibi yeyote wa Kihindi angaliwaeleza hayo bila ya malipo.

Sheria ya hataza hudai upya. Iwapo kila kipengele cha dai tayari kimo katika ujuzi uliotangulia, dai hilo huanguka. Baraza la Utafiti wa Sayansi na Viwanda la India lilipinga hataza hiyo mwaka 1996, likatoa maandishi ya kale ya Kisanskriti na makala ya jarida la madaktari wa India ya mwaka 1953. Mwaka 1997 hataza ikafutwa.

Yafaa msomaji azingatie kilichoshinda. Wakati huo sheria ya Marekani haikuitambua desturi ya nchi za nje mpaka iwe imechapishwa. Mazoea ya mamilioni hayakuwa na uzito; karatasi moja ilikuwa nao. Kasoro hiyo ilirekebishwa kwa sheria ya 2011, iliyoanza kutumika Machi 2013 kwa maombi mapya.

Ulaya haikuwa na ubaguzi huo. Hataza ya kuangamiza kuvu kwa mafuta ya mwarobaini, iliyotolewa 1994 kwa kampuni ya W. R. Grace na serikali ya Marekani, ilifutwa mwaka 2000, na rufani ikatupwa 2005.

Sisi je? Kifungu cha 23 cha Sheria ya Mali ya Viwanda ya 2001 chahesabu lolote lililofichuliwa popote duniani, kwa maandishi, kwa mdomo au kwa matumizi. Sheria nzuri mno. Lakini mkaguzi hupekua makabrasha, hapekui vichwa vya wazee wa Kaya.

Sheria ya 2016 ya kulinda maarifa ya jadi ilizikabidhi kaunti kazi ya kuyasajili. Wako wahofuo, na si bila sababu, kwamba daftari lililo wazi ni ghala lisilo na mlango. India ililiona hilo: kwa miaka mingi maktaba yake ya tiba za jadi ilifunguliwa kwa ofisi za hataza tu, tena kwa masharti ya siri. Kaunti zetu zaweza kufuata njia iyo hiyo, na mwarobaini wa Pwani uwe wa kwanza kuandikwa.