Nani Kasema Kupamba Kompyuta ni Uvivu?

Wenzangu wa kalamu, leo nina ugomvi. Juzi kwenye kikao chetu cha kusomeana miswada, mwenzetu mmoja alichungulia laptopu yangu akacheka: "Bwana we, ni mwandishi au fundi rangi? Riwaya iko sura ya nne miezi sita sasa, wewe kutwa unapamba kompyuta!" Kikao kizima kikaangua kicheko. Sikujibu. Najibu hapa.

Laptopu yangu ni mtumba wa Kariakoo. Windows iliyokuja nayo ilijikokota kama daladala bovu mlimani, nikaing'oa na kuweka Linux yenye mazingira ya Xfce, ambayo ni mepesi. Nalala chumba kimoja na wadogo zangu watatu, naandika wakishalala. Basi weupe wa yale madirisha ulikuwa unamulika ukuta mzima. Kitinda mimba anaamka, analia, mama anagonga mlango: "Zima hiyo taa!" Saa tano usiku riwaya imeshakufa. Haya, niambieni, hapo rangi ni urembo?

Nikatafuta thimu ya giza. Kazi yenyewe si uchawi: unashusha kifurushi, unakifungua, folda yake unaiweka ndani ya .themes, kwenye folda yako ya nyumbani. Ile nukta ya mbele inaificha, kwa hiyo bonyeza Ctrl na H uione, na kama haipo itengeneze. Huombi nywila ya mkuu wa mashine. Hapo ni kwako. Kisha unaichagua kwenye mipangilio ya mwonekano, halafu tena kwenye ya meneja wa madirisha, maana fremu za madirisha zina mahali pake. Wengi husahau hapo, wanabaki na shati jipya na suruali kuukuu.

Mimi nilikwama usiku mzima. Kumbe folda ilikuwa ndani ya folda nyingine yenye jina lilelile, na faili ya index.theme haikufikiwa. Usiku mzima, jamani! Kwa hilo mcheshi wetu ana haki yake kidogo.

Lakini wanaonicheka wana wakubwa zao. Mwaka 2019 baadhi ya waundaji wa programu za GNOME walitoa barua ya wazi wakiwaomba wasambazaji wa Linux waache kuzivisha programu zao thimu nyingine bila kuzipima. Walisema mtu anayechezea mashine yake mwenyewe hawana neno naye. Malalamiko yao nayaelewa: thimu mbovu inaandika maandishi meusi juu ya weusi, halafu lawama zinamwendea asiyehusika. Sawa. Ila mwisho wa 2021 ikatoka libadwaita toleo la 1.0, na programu zilizojengwa nayo hazisikilizi thimu niliyoichagua. Mlango wa uani upo, kuweka faili ya gtk.css ndani ya .config/gtk-4.0, lakini hakuna aliyeahidi kwamba utabaki wazi. Yaani ruhusa ninayo, kitasa ndicho kimeondolewa! Mimi nilikimbilia Linux kwa sababu niliambiwa humu mwenye nyumba ni mimi. Sasa anakuja mtu ananichagulia pazia, eti kwa faida yangu.

Kwa hiyo naandikia programu zinazonisikia. Weusi tii uliniumiza macho, nikafungua gtk.css ya thimu, nikabadili namba ya rangi ya nyuma iwe hudhurungi ya kahawa iliyokolea, na herufi nikazikuza kwenye mipangilio ya fonti. Dakika kumi, basi.

Na wewe uliyecheka: sura ya nne nimeimaliza Jumapili saa nane usiku, na hakuna aliyeamka. Njoo na flashi nikupe thimu yangu. Laptopu yako inamulika hadi barabarani.