Kuhamia Mtaa wa Ukuta Kando ya Ziwa: Faida Zake na Hasara Zake



Ndugu wasomaji, siku moja baada ya sala ya alasiri alinijia chuoni baba wa wanafunzi wangu wawili. Akaketi juu ya jamvi, akatoa mkobani karatasi zenye picha za rangi. Zilikuwa picha za nyumba nyeupe zilizopangwa kwa safu, zimezungukwa na ukuta mrefu wenye lango moja, na nyuma yake ziwa limetulia kama kioo. Akaniambia, "Maalim, nataka kuiuza nyumba ya marehemu baba hapa mjini, nikanunue hii. Mke wangu amekwisha kubali. Nipe shauri lako."

Nilimwomba anipe muda hata Ijumaa. Sisi tukaao Kisumu twaiona mitaa ya namna hii ikiongezeka, na ndugu zetu wa Kampala na Entebbe wameizoea zaidi yetu. Kwa kuwa wengi watafikiwa na swali hili, nimeona niyaandike hapa yale niliyomjibu, ili mwenye haja ajipatie fungu lake.

Kwanza yanipasa kukiri jambo. Akihama bwana huyu, mimi nitapoteza wanafunzi wawili na ada zao. Basi msomaji ayapime maneno yangu huku akilijua hilo.

Kutaka nyumba nzuri si dhambi. Katika hadithi aliyoipokea Ibn Hibban, Mtume (s.a.w.) ameitaja nyumba yenye nafasi kuwa ni katika mambo manne ya furaha ya mtu, pamoja na mke mwema, jirani mwema na kipando cha raha. Wala bwana huyu hakuwa akitafuta fahari. Nyumba yake ya sasa imevunjwa mara mbili. Upande wa pili wa njia kuna duka la pombe lenye ngoma hata usiku wa manane. Watoto hawawezi kucheza nje kwa wingi wa bodaboda, na maji ya mfereji huja siku atakayo mwenyewe. Mzazi aliye katika hali hiyo akitazama nje, hana lawama.

Jumapili tulikwenda pamoja kuutazama mtaa huo, mwendo wa kilomita 11 kutoka mjini. Mlinzi aliandika majina yetu kitabuni ndipo akatufungulia. Nami nasema kweli, nilipendezwa. Njia ni safi, maji ni ya kisima chao wenyewe, taa zawaka, na mtoto wa kike apata miaka minane alikuwa akiendesha baiskeli peke yake wala hapana aliyemwogopea. Upepo wa ziwa ulikuwa ukivuma polepole. Nilijiambia moyoni, "Mwenye kutaka hapa hakukosea macho." Hizi ndizo faida, nazo si ndogo: usalama, utulivu, usafi, na gharama za ulinzi na maji kugawanywa baina ya wengi.

Walakini kila kitu kina upande wake wa pili, nao nitauanza kwa ziwa lenyewe.

Ziwa Viktoria halikai mahali pamoja. Wazee wetu wakumbuka mvua zilizoanza mwishoni mwa mwaka wa 1961. Hata ulipofika mwaka wa 1964 maji yalikuwa yamepanda zaidi ya mita 2. Watu wengi walidhani jambo hilo limepita halitarudi. Mwezi wa Mei 2020 kipimo cha Uganda kilionyesha mita 13.42, kikaupita kidogo ule upeo wa mita 13.41 wa mwaka wa 1964. Nyumba, mialo na mahoteli ya ufukoni yakaingiwa na maji, Kisumu na kwingineko. Mwaka wa 2024 maji yakapanda tena. Basi anayekuonyesha kiwanja kikavu katika mwezi wa Januari amekuonyesha mwezi mmoja tu wa ziwa.

Serikali nazo zimeweka mipaka. Uganda, kanuni za mwaka wa 2000 zahifadhi mita 200 kutoka ukingo wa Ziwa Viktoria. Tanzania, sheria ya mazingira ya mwaka wa 2004 yakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60. Kwetu Kenya kanuni zataja baina ya mita 6 na mita 30 kutoka pale maji yalipowahi kufika. Wala usijitulize kwa kuwa muuzaji ana kibali. Nairobi, mwaka wa 2018, majengo makubwa yaliyokuwa kando ya mito yalibomolewa, na baadhi ya wenyewe walisema vibali walikuwa navyo. Kabla ya kutoa shilingi moja, mwite mpima ardhi wako wewe, si wake muuzaji, akupimie kutoka ukingo hata ukutani, kisha wakili aichunguze hati.

Zaidi ya hayo, magugu maji hulifunika ghuba letu, yakaleta mbu. Na maji ya kina kifupi ukingoni, ambayo ndiyo wayapendayo watoto, yana konokono wabebao kichocho. Asidhani mtu kwamba kuwa na ziwa mlangoni ni kuwa na bwawa la kuogelea.

Jambo la pili ni mali. Bei ya nyumba hulipwa ikaisha, lakini ada ya mtaa haiishi. Kila mwezi utaitoa, uwe una kazi au huna, nayo hupanda wala haishuki. Ongeza nauli ya kwenda mjini na kurudi, ya baba kazini na ya watoto shuleni. Iandike yote karatasini kwa mwaka mzima, ndipo uijue bei ya kweli. Na mwenye kutaka kukopa asikimbilie riba kwa kisingizio cha dharura. Nyumba ya pili kwa mtu aliye na nyumba si dharura. Kenya kumekuwa na benki zifuatazo sharia tangu mwaka wa 2008. Akaulize huko kwanza, na mkataba wao pia ausome, asitosheke na jina.

Jambo la tatu ni kanuni za mtaa. Tuliingia ofisini kwa msimamizi, kijana mpole, akatupa kitabu chao. Nilisoma kwamba haifai kufuga kuku, haifai kuchinja mnyama ndani ya ukuta, haifai kupiga turubai bila ruhusa, na kwamba wageni wakizidi 20 sharti itolewe habari siku tatu mbele. Nikamwuliza, "Bwana, mtu akifa humu usiku, wakaja watu mia kumwosha na kumsalia, mtawafungulia?" Kijana akakifunua kitabu mbele na nyuma, kisha akasema, "Mzee, hilo halikuandikwa. Watume habari siku tatu mbele." Nikamwambia, "Mwanangu, mauti hayatumi habari siku tatu mbele." Akacheka, nasi tukacheka, lakini mwenzangu hakucheka sana. Mwaka alipokufa babake, jamaa walijaa barazani kabla ya alfajiri, majirani wakaleta mikeka, maji na uji, na hapana aliyeuliza jina la mtu mlangoni.

Ukuta ule wamzuia mwizi, nao huweza kumzuia mwenye kuja kukupa mkono wa tanzia.

Jambo la nne ni msikiti na chuo. Watu wa ukoo wa Banu Salima walikuwa mbali na msikiti wa Mtume (s.a.w.), wakataka kuhamia karibu. Mtume akawaambia wakae majumbani mwao, kwa kuwa nyayo zao zaandikwa. Hadithi hii imo katika Sahih Muslim, nayo yatufundisha kwamba kukaa mbali si aibu, maadamu mtu anakwenda. Walakini wale walikwenda kwa miguu wala hapakuwa na lango lililofungwa hata saa kumi na mbili asubuhi. Basi uliza: lango lafunguliwa saa ngapi? Pana mahali pa kusalia jamaa? Nani atawapeleka watoto chuoni siku za juma, na nani atawarudisha? Baba asiye na jibu la maswali haya asijidanganye kwamba mambo yatajipanga yenyewe. Nimeona watoto wenye akili njema waliohamishwa mbali, wakaja kwangu Jumamosi tu, kisha Jumamosi moja katika mbili, kisha wasije tena. Wazazi wao hawakukusudia hivyo. Ilikuwa ni mwendo tu.

Waarabu wana msemo kwamba jirani hutafutwa kabla ya nyumba. Imepokewa katika Bukhari na Muslim kwamba Jibrili (a.s.) alizidi kumwusia Mtume juu ya jirani hata akadhani atafanywa mrithi. Na Abu Dharr aliusiwa, apikapo mchuzi, auzidishe maji ili awakumbuke majirani. Uchunguze basi mtaa huo mpya: watu wake huamkiana? Hujua nani mgonjwa? Siku ile Jumapili nilihesabu nyumba kumi na nne zenye watu, na milango yote kumi na minne ilikuwa imefungwa. Labda ni desturi ya Jumapili. Rudi siku nyingine utazame tena.

Sasa nafika kwenye jambo ambalo bwana yule hakuniuliza, nalo ndilo kubwa kuliko yote. Nilimwuliza, "Nyumba hii ya marehemu baba yako, ni ya nani?" Akajibu upesi, "Ni yangu, Maalim. Mimi ndiye mwanamume." Nikamwuliza mama yake yuko wapi. Akasema yuko humo nyumbani. Na dada zake? Wawili, wameolewa, mmoja Kakamega na mmoja Mumias. Wamegawiwa? Akanyamaza.

Babake hakuacha wazazi wala mke mwingine. Nilichukua chaki nikamwandikia ubaoni, pale pale niwaandikiapo watoto wake alif na be. Baada ya madeni na wasia, mke apata thumni. Sehemu zinazobaki hugawiwa watoto, mwanamume sehemu mbili na mwanamke moja. Ukiifanya nyumba kuwa mafungu 32, mama ana 4, kila dada ana 7, na yeye mwenyewe ana 14. Nikamwambia, "Nyumba utakayo kuiuza, mwanangu, zaidi ya nusu si yako. Na miaka tisa imepita tangu baba yako afe."

Aliutazama ubao kwa muda mrefu. Akasema, "Nilikuwa nimekusudia kuwapa baadaye, mambo yakitengenea." Nikamwambia kwamba wengi wamekufa wakiwa na kusudio hilo. Ukumbi wenye kuelekea ziwa, uliojengwa kwa fungu la dada yako asiyejua, hautakupa upepo wa raha.

Basi shauri langu kwake, na kwa kila aliye katika njia hiyo, ni hili. Kwanza, gawanyeni urithi. Kila mwenye haki aijue haki yake, kisha auze, au aazime, au asamehe kwa radhi yake. Pili, mwulizeni mama, wala msimwulize kwa kumwarifu. Tatu, kama moyo ungali wautaka mtaa ule, usinunue. Panga nyumba humo kwanza, ukae mvua zote za masika, tangu Machi hata Mei. Hapo utalijua ziwa, utaijua ada, utawajua majirani, na watoto wako utawaona kama wangali wakisoma. Waswahili wamesema usiache mbachao kwa msala upitao. Nne, sali istikhara, lakini istikhara haimwondolei mtu kazi ya kuuliza.

Na ninyi mliokwisha kuhamia, msidhani nawalaumu. Bisheni hodi katika ile milango iliyofungwa, awe jirani ni Mwislamu au si Mwislamu. Nendeni katika kamati ya wenye nyumba mkaombe kanuni ya wageni isihusu msiba. Naamini wengi watakubali, kwa maana kila dini huzika. Tafuteni chumba kimoja cha kusalia, na mwalimu awajie watoto hata siku tatu kwa juma. Hivyo mtakuwa mmelipeleka jema mlikokwenda.

Bwana yule alirudi baada ya wiki mbili. Alikuwa amesafiri mpaka Kakamega na Mumias. Dada mmoja alilia, akasema kwamba hakuwa akilia kwa ajili ya nyumba, bali kwa kuwa ameulizwa. Na mama alipoulizwa alijibu, "Nitakwenda mnipelekapo. Lakini huko, asubuhi, nani atapita dirishani aniulize nimeamkaje?" Hawajaafikiana bado. Nyumba haijauzwa, na watoto wangali wakija chuoni.

Namwomba Mwenyezi Mungu awape amani katika nyumba watakayoichagua, nasi pia katika zetu. Mwezi ujao, inshaallah, tutazungumza juu ya kuandika wasia, jambo ambalo wengi hulichelewesha.

Wabillahi tawfiq. Wassalaam.