Riziki na Daftari

Kama ilivyo ada ya safu hii, tunachukua neno moja tulilolisikia nyumbani tangu utotoni, tukadhani tunalijua, kisha tunalitazama upya. Mara hii neno letu ni riziki.

Wengi wetu tulilipata kwa mama zetu. Unga ukikaribia kuisha: Mungu ataleta riziki. Kazi ikikosekana: basi, riziki yako haikuwa hapo. Neno lina asili ya Kiarabu, na Waislamu na Wakristo wanalitumia bila kugombania. Ndugu yake ni ruzuku. Mungu huwaruzuku waja wake, lakini serikali nayo hutoa ruzuku ya mbolea, na hiyo haiji bila fomu na risiti. Mzizi ni mmoja. Mwaka huu tumejikuta tumesimama katikati ya maana hizo mbili.

Jambo lenyewe ni hili. Baadhi yetu tunasali katika ibada ya Kiswahili, Jumapili alasiri, hapa Birmingham. Tangu mwaka jana kikundi chetu kinachanga fedha za uji kwa watoto 60 wa chekechea ya kanisa dogo karibu na Mariakani, Kaunti ya Kilifi. Ni uji wa mahindi na wimbi, sukari kidogo, saa nne asubuhi, siku tano kwa juma. Tuliahidi pauni 180 kila mwezi. Mwezi wa Februari tulipata 95.

Kikao kilikuwa kirefu. Upande mmoja ulisema: Mungu hamtupi mja wake, tuahidi muhula mzima na yeye atafungua mlango. Upande wa pili ulisema: tumwambie mwalimu ukweli, tupunguze siku. Wa kwanza waliwaona wa pili hawana imani. Wa pili waliwaona wa kwanza hawana kikokotoo. Tukiwa bado tunabishana, mwalimu wa chekechea alituma ujumbe wa sauti, mpole kabisa: "Wanangu, niwaambie nini wazazi?"

Waliotetea imani walileta mfano wa George Müller, na ni mfano mzuri. Mzaliwa huyu wa Prussia alifungua nyumba ya yatima mjini Bristol mwaka 1836, na kufikia 1870 alikuwa na majumba matano makubwa huko Ashley Down, yenye nafasi ya watoto wapatao 2,000. Hakuwa na desturi ya kumwomba mtu fedha, alimwomba Mungu. Hadithi inayopendwa makanisani ni ya asubuhi ambayo watoto walikaa mezani na hakuna chakula. Müller akashukuru mbele ya sahani tupu. Mara mwokaji mikate akabisha hodi, na baada yake muuza maziwa ambaye mkokoteni wake ulikuwa umeharibika hapo nje.

Tulirudi kumsoma Müller kwa utulivu, tukakuta mambo mawili ambayo hayasikiki sana mimbarani. Kwanza, alikataa kukopa. Kama fedha hazipo, hakununua kwa deni. Pili, alichapisha taarifa ya hesabu mwaka baada ya mwaka: kilichoingia na kilichotoka. Hakuomba, lakini hakuficha. Imani yake ilikuwa na daftari.

Mwenzetu ambaye wazazi wake wanatoka Ukambani alileta mfano wa karibu zaidi, Charles Mulli. Mwaka 1989 mfanyabiashara huyu wa Eldoret aliacha biashara zake ili awalee watoto wa mitaani, na hapo ndipo Mully Children's Family ilipoanzia. Walipokwenda Ndalani, nchi kavu ya Yatta, maji safi yalikuwa shida kubwa. Mwenyewe husimulia kwamba aliomba usiku, akaongozwa mahali pa kuchimba, na maji yakapatikana. Tunalipokea simulizi hilo kwa heshima. Lakini tazama kilichofuata: maji yale yaliingia shambani. Wakalima chakula chao wenyewe, na maharagwe mengine wakayauza hadi Ulaya. Riziki ilishuka, kisha watu wakashika majembe.

Hapo tukaona mahali tulipokuwa tunajikwaa. Müller aliishi kwa fedha zile zile alizoziombea, na zikikosekana naye alikosa. Mulli aliacha mali yake mwenyewe. Kila mmoja aliweka rehani kitu chake. Sisi je? Tukiahidi kwa imani na fedha zisije, jioni tutakula tu. Kuna wali kwenye friji, kuna duka kona ya barabara. Atakayekaa na kikombe kitupu saa nne asubuhi ni mtoto wa Mariakani, ambaye hakuulizwa kama anataka kushiriki katika imani yetu. Kumtumainia Mungu kwa tumbo la mtu mwingine ni rahisi mno. Tuliona afadhali tuite jambo hilo kwa jina lake: ni kukopa, na dhamana si yetu.

Basi tuliamua hivi. Tunaahidi kile tu kilichokwisha ingia mfukoni. Kwa muhula huu ni siku tatu kwa juma badala ya tano. Siku mbili zilizobaki tunaziombea na kuzitafuta, na mpaka zipatikane hatumtajii mtoto yeyote. Kumpigia mwalimu simu kumweleza haikuwa raha. Mmoja wetu aliandika maneno yote kwanza kwenye karatasi, kwa Kiswahili sanifu, na bado sauti ilimkwama.

Kisha tukafungua daftari letu, na hapo tulipata aibu. Hapa Uingereza mtoaji anayelipa kodi akitia sahihi fomu ya Gift Aid, serikali huongeza senti 25 kwa kila pauni anayolipa kanisa au shirika la hisani. Mama na baba zetu kanisani, wanaofanya kazi hospitalini na kwenye maghala, wote wanalipa kodi. Walikuwa wakitoa mwezi baada ya mwezi, na hakuna aliyewapa fomu. Tulikuwa tukimwomba Mungu ongezeko huku limelala kwenye droo. Mama mmoja alipoelezwa alicheka mpaka akafuta machozi. "Riziki mmeletewa, wanangu, ila mfuko hamjaufungua."

Mwalimu naye alipiga simu juma lililofuata. Wazazi walikuwa wamekutana. Fedha hawana, lakini mvua zikiwa nzuri, baada ya mavuno kila nyumba italeta kibaba cha mahindi. Kumbe wangeweza kuulizwa tangu mwanzo. Tulikuwa tumezoea kufikiri kwamba riziki ya watoto wale inasafiri njia moja tu, kutoka Birmingham kwenda Mariakani, na sisi ndio mfereji. Haba na haba hujaza kibaba, tuliikariri darasani miaka yote bila kuona kibaba chenyewe mikononi mwa mtu.

Siku bado ni tatu. Hatujui kama zitakuwa tano kabla ya Krismasi, na tunaomba ziwe. Lakini tumekumbuka kwamba katika habari ile ya mikate mitano na samaki wawili, watu walipokwisha kushiba, makombo yalikusanywa, na mtu akahesabu vikapu: 12. Hata muujiza ulifungiwa hesabu.

Hesabu zetu za muhula huu ziko kwa mweka hazina, na mwanachama yeyote anaweza kuziona. Fomu pia anazo. Toleo lijalo tutachukua neno amana. Mwenye kisa chake atuletee.