Mzigo mwepesi usigeuke hatari ya baridi Mlima Kenya

YEYOTE anayejiandaa kukwea Mlima Kenya huhimizwa kupunguza mzigo. Ushauri huo ni wa busara. Tatizo ni kwamba wengi huanza kupunguza mahali pasipofaa, yaani vifaa vya kulalia.

Dhana kwamba nchi iliyo kwenye Ikweta haiwezi kuwa na baridi ya kuua ni potovu. Kambi ya Shipton iko takriban mita 4,200 juu ya usawa wa bahari, nacho kilele cha Lenana, ambacho ndicho kikomo cha wakweaji wengi, kiko mita 4,985. Huko maji huganda usiku, hata katika miezi ambayo jua la mchana huwa kali.

Kosa la kwanza ni kugharamia mfuko wa kulalia na kusahau godoro. Mfuko huo huhifadhi joto kwa hewa iliyonaswa ndani yake. Upande unaolaliwa hubanwa na uzito wa mwili, hewa ikatoka, nayo ardhi ikafyonza joto usiku kucha. Godoro jembamba la sponji, lisilofika hata kilo moja, huzuia hasara hiyo.

Kosa la pili ni kulala na nguo zilizoloa jasho. Pamba hukawia kukauka na humpokonya mtu joto. Afadhali kutenga nguo kavu za sufu, soksi na kofia, zisizovaliwa ila usiku.

Kosa la tatu ndilo la kutisha zaidi: kuwasha jiko ndani ya hema. Liwe la makaa au la gesi, laweza kutoa kaboni monoksidi, hewa ya sumu isiyo na rangi wala harufu. Anayeivuta huenda akasinzia asiamke tena.

Hata hivyo, lawama zisimwangukie mkweaji peke yake. Mpagazi anayebeba mfuko wa bei ghali wa mgeni hastahili kulala kwa blanketi kuukuu. Wanaomwajiri wana wajibu wa kumpa vifaa vinavyofaa. Nalo Shirika la Huduma kwa Wanyamapori (KWS), linalosimamia mbuga hiyo, lifanye ukaguzi wa vifaa vya kulalia katika malango ya Sirimon, Naro Moru na Chogoria, kwa mgeni na mpagazi sawia.

Kinga ni bora kuliko tiba, hasa mahali ambapo hospitali iko mwendo wa siku nzima.