Kabla ya Kumchukua Mbwa, Bisha Hodi kwa Jirani

Wanafunzi wapenzi,

Wiki iliyopita mmoja wenu aliniuliza kama ni sahihi kusema "mbwa hii". La, si sahihi. Mbwa ni kiumbe mwenye uhai, na Kiswahili humweka katika ngeli moja na binadamu: mtu huyu amefika, mbwa huyu amefika. Hivyo sarufi humpa mbwa heshima ambayo mitaani hapewi. Asiye na mwenyewe huitwa "mbwa koko". Akiwa mkubwa, huitwa "jibwa". Nanyi mnajua kwamba katika Kinyarwanda kumwita mtu imbwa ni tusi zito.

Swali hilo lilinigusa, kwa sababu nakusudia kumchukua mbwa kutoka kituo kimoja cha hapa Kigali kinachowatunza mbwa waliotupwa. Ni chotara, mkubwa, wa rangi ya udongo. Wageni wengi humpita na kuwaendea watoto wa mbwa. Naona kumpa makao ni jambo jema. Hata hivyo, naamini kwamba wema huo hauanzii kituoni, bali mlangoni kwa jirani.

Ninaishi Kacyiru, si juu kwenye wizara na balozi, bali mteremkoni, ambako nyumba zimepakana na vijia ni vyembamba. Jirani yangu ni mama aliyenusurika Mauaji ya Kimbari dhidi ya Watutsi ya mwaka 1994. Akimwona mbwa, hubadili njia. Katika siku zile maiti ziliachwa bila kuzikwa, mbwa wakazila, na askari wakawapiga mbwa hao risasi. Anayeidharau hofu ya mama huyu hajaielewa historia ya nchi anamoishi.

Wapo watakaosema: nyumba ni yangu, mbwa ni wangu, jirani ana neno gani? Mimi siafikiani nao. Mbwa mkubwa hubweka, na sauti haizuiliwi na ukuta. Siku lango likisahauliwa wazi, atakayekutana naye kijiani ni mtoto wa mwenzako.

Tena lipo suala la afya. Kichaa cha mbwa huua makumi ya maelfu ya watu duniani kila mwaka, wengi wao wakiwa Asia na Afrika, na karibu wote huambukizwa na mbwa. Dalili zikishajitokeza, ni nadra sana mgonjwa kupona. Kwa hiyo kumchanja mbwa ni wajibu wa uraia. Akimuuma mtu, jeraha lioshwe kwa maji na sabuni kwa dakika 15, kisha mtu huyo apelekwe hospitali bila kuchelewa.

Basi nilibisha hodi. Nikamwambia, "Mama, natamani kufuga mbwa. Wewe waonaje?"

Alinyamaza kitambo, kisha akajibu, "Mwalimu, sitakukataza. Ila nisimkute njiani bila kamba, na usiku asilale upande wa dirisha langu."

Masharti hayo niliyapokea. Jumamosi ya mwisho ya mwezi, baada ya kazi ya umuganda, niliyarudia mbele ya majirani wote, ili kila mmoja awe na haki ya kunikumbusha.

Mbwa bado yuko kituoni. Ukuta wa upande wa mama haujakamilika, nami sitamleta kabla haujakamilika. Kungoja kunaniuma, maana kila nikienda kumtazama hunifuata hadi langoni. Lakini huruma kwa mnyama isiyomjali binadamu wa jirani ni huruma nusu.

Je, ninyi mngeanzia wapi, kituoni au kwa jirani? Jibuni kwa aya moja, na msisahau: mbwa huyu.