Duru-Haitemba ubaki mikononi mwa vijiji
Msitu wa miombo wa Duru-Haitemba, Babati, ubaki chini ya vijiji vinavyouzunguka, navyo viongezewe nguvu ya kuulinda.

Mwanzoni mwa miaka ya 1990 serikali ilipotaka kuufanya hifadhi yake, msitu ulikuwa umekwisha kukatwa vibaya. Wanakijiji wakakataa, wakatunga sheria ndogo, wakateua walinzi wao, na miombo ikachipua upya. Sheria ya Misitu ya mwaka 2002 ilikuja baadaye kuhalalisha kile ambacho Babati ilishakijaribu, tena kwa mafanikio.

Msituni humo hupatikana kuni, asali na dawa. Lakini mji unaokua unataka mkaa na mbao, na mlinzi asiye na posho hawezi kushindana na fedha hiyo.

Wenye dhamana watenge fedha za doria sasa, na faini zibaki vijijini.